Refa hakupuliza filimbi, mgongaji akafunga bao: nimwambie nini mwanangu?

"Naishi Ontario na mume wangu na watoto watatu. Kijana wetu wa pili ana miaka 13. Anacheza hoki ya barafuni tangu akiwa mdogo, na msimu huu ndio wa kwanza kwake kuruhusiwa kugongana kwa mwili. Nyumbani kwetu ni Toronto Maple Leafs tu. Tangu mechi za mtoano za 2025 dhidi ya Florida Panthers hatuna amani. Sam Bennett wa Florida alimgonga kipa wetu Anthony Stolarz kichwani, adhabu hakuna, kipa akapelekwa hospitali, na mwisho wa yote Bennett akabeba kombe na tuzo ya mchezaji bora. Raundi ya kabla yake, Aaron Ekblad wa Florida hiyohiyo alimgonga Brandon Hagel wa Tampa Bay kichwani, refa akapeta, na Ekblad huyohuyo akafunga bao la kusawazisha. Mume wangu anasema waamuzi wamenunuliwa. Kijana anaangalia video hizo kila siku, na juzi ameniambia, 'Mama, usipoonekana si rafu.' Wiki iliyopita mazoezini aligongwa ukutani, akaumwa kichwa siku mbili na kusema taa zinamuumiza macho, lakini alikuwa na helmeti na wikendi akacheza. Je, ligi inawalinda wachezaji wachafu? Na mimi nimtoe mwanangu kwenye mchezo huu?"

Dada yangu, umeuliza maswali mawili, na katikati yake ukapitisha sentensi moja kuhusu kichwa cha mtoto. Nianze na sentensi hiyo, kwa sababu mambo ya Florida yanaweza kungoja na hilo haliwezi.

Kijana aliyegongwa ukutani, akaumwa kichwa siku mbili na kuukimbia mwanga, mhesabu kuwa amepata mtikisiko wa ubongo mpaka daktari aseme vingine. Asikanyage barafu, iwe mazoezi au mechi, kabla hajaonwa. Helmeti isikutulize. Imetengenezwa ili fuvu lisipasuke na ngozi isichanike, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Ubongo wenyewe umekaa ndani ya fuvu, umezungukwa na maji yake. Mwili ukisimama ghafla ukutani, ubongo unaendelea kwenda na kujisokota, na hakuna kofia ya nje inayoweza kuushika. Ndiyo maana mtu hupata mtikisiko hata kichwa chenyewe kisipoguswa: kifua au bega likigongwa kwa nguvu, shingo inakirusha kichwa, basi. Na picha ya CT mara nyingi hutoka safi kabisa, kwa hiyo ukiambiwa picha haina kitu usiondoke hapo kabla daktari hajamhoji mtoto, hajampima macho, kumbukumbu na namna anavyosimama.

Hapo Ontario mna Sheria ya Rowan, iliyopitishwa mwaka 2018. Imebeba jina la msichana wa miaka 17 wa Ottawa aliyefariki mwaka 2013 baada ya kuumia kichwa zaidi ya mara moja kwenye raga ndani ya siku chache, akiendelea kucheza huku ubongo wake haujapona. Chini ya sheria hiyo, mchezaji wa chini ya miaka 26 anayeshukiwa kupata mtikisiko lazima atolewe mchezoni, na hawezi kurudi kwenye mazoezi kamili wala mechi bila kibali cha daktari au muuguzi mwenye mamlaka ya kutibu. Kwa hiyo ukimpigia kocha leo jioni ukamwambia kijana hachezi, humwombi hisani. Unamkumbusha wajibu wake.

Daktari akithibitisha, tiba ya siku hizi si kumfungia mtoto chumba cha giza wiki nzima. Ni siku moja au mbili za kupunguza shughuli na simu, halafu kutembea taratibu, kurudi darasani, kukimbia kidogo, kuteleza peke yake, mazoezi bila kugongana, na kugongana kuje mwisho kabisa baada ya kibali. Dalili zikirudi katika hatua yoyote, anashuka hatua moja. Na ukiona anatapika tena na tena, maumivu ya kichwa yanaongezeka badala ya kupungua, anaona vitu viwili viwili, anachanganyikiwa, anapata degedege, anazimia, shingo inamuuma au mikono inakufa ganzi, usisubiri miadi ya daktari. Piga 911.

Sasa twende Florida.

Hasira ya mumeo ina msingi. Tarehe 28 Aprili 2025, mechi ya nne kati ya Florida na Tampa Bay, kipindi cha pili, mkono wa Ekblad ulipanda ukamfikia Hagel kichwani. Hagel akatoka na hakurudi. Waamuzi hawakutoa adhabu. Kipindi cha tatu, zikiwa zimebaki dakika zisizofika nne, Ekblad akasawazisha, na sekunde 11 baadaye Seth Jones akafunga la kuongoza. Florida wakashinda 4-2. Mtu wa Tampa akikuambia kuwa Ekblad angetolewa dakika ile mechi ingekwenda kwingine, huwezi kumbishia. Siku iliyofuata ligi ilimfungia Ekblad mechi mbili kwa kosa la kiwiko. Wiki moja baadaye, tarehe 5 Mei, mechi ya kwanza Toronto, Bennett alipita mbele ya goli na mkono wake ukamgonga Stolarz kichwani. Stolarz alitoka, akatapika, akaishia hospitali. Adhabu haikutolewa uwanjani, na hata baadaye Bennett hakufungiwa.

Kosa la kwanza la kuelewa, na nalisikia kila mahali, ni kudhani refa aliangalia video akaamua kunyamaza. Sisi tuliolelewa na kandanda akili yetu iko kwenye VAR: refa akipitwa na jambo, kuna mtu chumbani anamwita aje kwenye skrini. NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, haiko hivyo. Refa wa NHL anaruhusiwa kwenda kwenye skrini kuangalia rafu pale tu ambapo tayari ameshatoa adhabu, hasa ile kubwa ya dakika tano ambayo mchezaji anakaa nje na timu yake inacheza pungufu, na akishaangalia anaweza kuithibitisha, kuipunguza au kuifuta. Kama hakunyanyua mkono kuashiria adhabu tangu mwanzo, video haimsaidii kitu. Hata kama uwanja mzima unaona marudio kwenye skrini kubwa na watu elfu kumi na tisa wanapiga kelele, yeye kisheria amefungwa mikono. Kocha naye anaweza kupinga bao akidai kipa alizuiwa, lakini lazima bao liwe limefungwa. Bennett alipomgonga Stolarz hapakuwa na bao, kwa hiyo hapakuwa na cha kupinga.

Kanuni hiyo ina historia yake, na inafaa uijue, kwa sababu ilizaliwa kutokana na kosa la upande mwingine kabisa. Aprili 23, 2019, mechi ya saba kati ya San Jose Sharks na Vegas Golden Knights. Vegas wanaongoza 3-0, zimebaki dakika kumi na kidogo. Paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, inarushwa kuanzisha mchezo. Cody Eakin wa Vegas anamsukuma Joe Pavelski kifuani kwa gongo, Pavelski anayumba, anakutana na mchezaji mwingine wa Vegas, anaanguka vibaya, kichwa kinapiga barafu na damu inatoka. Waamuzi hawakuwa wamenyanyua mkono. Walipoona damu wakakutana, wakazungumza, kisha wakatoa dakika tano na kumfukuza Eakin. Adhabu ya dakika tano haikatiki kwa bao, timu inacheza pungufu mpaka muda uishe. San Jose wakafunga mabao manne ndani ya muda huo. Vegas wakasawazisha mwishoni, lakini San Jose wakashinda 5-4 katika muda wa nyongeza. Msukumo wenyewe, ukiangalia marudio, ulistahili dakika mbili. Ligi iliwaomba radhi Vegas, na kiangazi hichohicho ikaandika kanuni ya kuruhusu refa kuangalia adhabu kubwa kwenye video.

Ukiitazama vizuri, utaona mlango huo unafunguka upande mmoja tu. Umewekwa ili mtu asiadhibiwe kupita kiasi. Aliyegongwa bila refa kuona hakuwekewa mlango. Wakubwa wa mchezo wana hoja yao: ukiruhusu kila mgongano uangaliwe upya, mechi haziishi, maana katika mtoano kuna migongano mingi kila usiku na kila shabiki ana wake anaoulilia. Hoja hiyo naielewa. Lakini kwa migongano ya kichwa peke yake, pale mchezaji anapotolewa na hawezi kurudi, nadhani gharama ya dakika mbili za kuangalia skrini ni ndogo sana. Hili nimelisema kwenye vikao vya waamuzi na nitaendelea kulisema.

Pengine unajiuliza waamuzi wanne wote wanawezaje kupitwa na kitu ambacho wewe ulikiona ukiwa kwenye kochi. Wanne hao hawana mamlaka sawa. Wawili wenye utepe wa rangi ya chungwa mkononi ndio marefa wanaotoa adhabu. Wawili wengine ni waamuzi wa mstari, kazi yao kubwa ni kuotea na kuanzisha mchezo, na rafu ndogo hawawezi kuitoa, ingawa rafu kubwa wanaweza kumweleza refa. Marefa nao wamegawana: mmoja yuko karibu na goli linaloshambuliwa, mwingine nyuma, karibu na katikati. Paki ikihama, macho ya watu yanahama nayo. Mgongano wa mtu ambaye ameachia paki nusu sekunde iliyopita unatokea pembeni kabisa mwa macho hayo.

Mimi huchezesha ligi za vijana na kuwafundisha marefa wanaoanza, na kitu cha kwanza ninachowaambia ni hiki: mwangalie mgongaji, usimwangalie mgongwaji. Angalia miguu yake kama imeacha barafu kabla ya kukutana. Angalia kiwiko kama kimeshikana na ubavu au kimefunguka. Angalia mikono yake ilipoishia: ikiishia chini, alikuwa anagonga mwili, na ikiishia juu ya bega la mwenzake, kuna jambo. Ukimwangalia mgongwaji, unachokiona ni matokeo, na matokeo yanadanganya. Kijana anaweza kuanguka vibaya kwa mgongano halali, na anaweza kusimama akitabasamu baada ya mgongano ambao ungemvunja shingo. Kule San Jose damu ndiyo iliyotoa adhabu. Kwenye hoki ya wakubwa, kukiwa na mabega ya plastiki mapana na wachezaji wanaoteleza kilomita 30 na zaidi kwa saa, refa akiwa upande wa mgongo wa mgongaji hakioni kiwiko kabisa. Anaona migongo miwili na mtu chini.

Kosa la pili la kuelewa ni kudhani kila kugusa kichwa ni rafu. Kwa mwanao ni hivyo. Katika hoki ya vijana ya Kanada, kichwa kikiguswa kuna adhabu, hata kwa bahati mbaya. Kwa wakubwa wa NHL si hivyo. Kanuni yao ya 48, iliyoanza msimu wa 2010-11 baada ya Matt Cooke wa Pittsburgh kumgonga Marc Savard wa Boston bila adhabu yoyote, inataka vitu viwili: kichwa kiwe ndicho kilichopokea mgongano hasa, na mgongano huo wa kichwa uwe uliepukika. Hilo neno la mwisho ndilo mabishano yote yanapokaa. Mchezaji aliyeinama ghafla, aliyegeuka dakika ya mwisho, aliyejikunja kufuata paki, wakili wa mgongaji atasema haikuepukika. Binafsi naipendelea kanuni ya watoto. Kichwa ni kilekile, awe analipwa mamilioni au analipiwa ada na mama yake.

Kuhusu kununuliwa, dada, mwambie mumeo kwa upole kwamba hakuna ushahidi wa hilo, na kwamba tuhuma hiyo inafunika tatizo la kweli. Msimu huohuo wa mtoano Hagel mwenyewe alifungiwa mechi moja kwa kumgonga nahodha wa Florida, Aleksander Barkov, ambaye hakuwa na paki. Kwa hiyo Florida walionewa na wakaonea ndani ya wiki moja. Mwaka 2024, ngumi ya Bennett ilimfikia Brad Marchand wa Boston kichwani, akakosa mechi mbili, na Boston nzima ikalia kuwa Florida wanabebwa. Marchand alikuwa ameshafungiwa mara kadhaa kwa rafu zake mwenyewe. Mwaka uliofuata akahamia Florida, akavaa jezi moja na Bennett, wakabeba kombe pamoja. Watu walewale waliomwita mchafu akiwa Boston wakamshangilia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tatizo la kweli ni desturi ya waamuzi kuisimamia mechi badala ya kuisimamia kanuni. Machi 2021 kipaza sauti cha matangazo kilimnasa refa mzoefu, Tim Peel, akisema alitaka kuwapa Nashville adhabu mapema kwenye mechi. Hakuna aliyemhonga. Alikuwa anasawazisha, anaweka mizani kichwani mwake. Ligi ilimwondoa mara moja, lakini kila aliyewahi kuvaa jezi ya mistari anajua desturi hiyo haikuanza naye wala haikuisha naye. Katika mtoano inavaa sura nyingine: refa hataki kuwa yeye ndiye aliyeamua mechi, kwa hiyo anameza filimbi. Ninawaambia vijana wangu kwamba kunyamaza nako ni kuamua. Usipompa adhabu aliyevunja kanuni, umempa zawadi, na umemwambia kila aliye kwenye benchi kwamba mpaka wa rafu umehamia wapi. Wachezaji wanasoma mpaka huo ndani ya dakika kumi za kwanza na kuusukuma usiku mzima.

Hapo ndipo swali lako la kama ligi inawalinda wachafu linapopata jibu lenye uzito. Tangu 2011 NHL ina Idara ya Usalama wa Wachezaji, iliyoko New York. Inaangalia kila mechi na ina uwezo wa kumfungia mtu hata kama refa hakuona kitu, kama ilivyomfungia Ekblad. Inapima aina ya kosa, kama aliyegongwa ameumia, na historia ya mgongaji. Nazem Kadri alifungiwa katika mtoano wa 2018, wa 2019 na wa 2021, na kila mara adhabu ikawa nzito zaidi: mechi tatu, kisha raundi yote iliyobaki, kisha nane. Raffi Torres alimgonga Marian Hossa mwaka 2012, waamuzi wanne wa usiku ule hawakuona, idara ikampa mechi 25, zikapunguzwa hadi 21 kwa rufaa. Kwa hiyo haiko sahihi kusema hawaadhibu.

Lakini bei ni rahisi. Faini ya kawaida katika mkataba wa ligi na wachezaji uliokuwa ukitumika mwaka 2025 iliishia dola 5,000, na baada ya mtoano ule Bennett alisaini mkataba wa dola milioni 64 kwa miaka minane. Na mchezaji akifungiwa katika mtoano hakatwi mshahara, maana mishahara inalipwa katika msimu wa kawaida. Kinachobaki kuumiza ni kukosa mechi zenyewe, na hilo linauma kweli. Ila timu iliyopoteza mtu wake kwa mtikisiko hairudishiwi mechi ile. Tampa walimkosa Hagel mechi ya tano pia, wakafungwa, msimu ukaisha. Kuhusu Stolarz, niseme ninavyoona: rafu ya kumzuia kipa ilikuwepo pale, dakika mbili za wazi, na idara ilipaswa angalau kumwita Bennett ajieleze. Sijui nia ya mtu. Ninaujua mkono uliopita juu ya kichwa cha kipa ambaye macho yake yanafuata paki.

Umeniambia kijana anaziangalia video hizo kila siku, na najua hadithi ambayo mashabiki husimuliana baada yake: refa asipotoa haki, tutaitoa wenyewe. Watamwonyesha Claude Lemieux wa Colorado, aliyemgonga Kris Draper wa Detroit ukutani kwa nyuma Mei 1996 akamvunja taya, na jinsi Detroit walivyolipa kisasi Machi 1997, Darren McCarty akampiga ngumi, hakufukuzwa, kisha akafunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza. Inasimuliwa kama sinema. Mwombe asikilize na nyingine. Februari 2004, Steve Moore wa Colorado alimgonga nahodha wa Vancouver, Markus Näslund. Hakuna adhabu, na ligi ikasema hakuna kesi. Vancouver wakaapa. Machi 8 wakakutana tena, Todd Bertuzzi akamfuata Moore kwa nyuma, akamvuta jezi, akampiga ngumi kichwani na kumwangukia. Moore alivunjika pingili tatu za shingo. Hakucheza tena NHL. Bertuzzi alikiri kosa la kushambulia mahakamani, na kesi ya madai iliendelea kwa miaka mingi mpaka ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2014. Yote hayo yalianza na filimbi ambayo haikulia. Ndiyo sababu mimi nakasirika filimbi isipolia: wachezaji wanajifunza kwamba mahakama imefungwa.

Sasa hilo neno la kijana, "usipoonekana si rafu." Usimkaripie. Mkalishe mwonyeshe kwamba mfano wake mwenyewe unamkana. Ekblad hakuonwa na refa hata mmoja, na bado alikosa mechi mbili, kwa sababu siku hizi kila kitu kinaonwa na kamera. Kwenye ligi yake pia kuna mzazi mwenye simu kila kona. Halafu mwonyeshe Bennett mwingine: aliyefunga mabao 15 katika mtoano ule, mengi kuliko mtu yeyote. Tuzo ile alipewa kwa hayo. Mkono uliompata Stolarz haukumwongezea hata moja. Video za Idara ya Usalama zinapatikana bure, na zinaeleza kosa polepole, pembe kwa pembe. Angalieni moja pamoja, uizime sauti, umwulize yeye: miguu iko wapi, kiwiko kiko wapi, paki iko wapi. Vijana wa umri huo wanapenda kuwa marefa wa wenzao, na akishajifunza kuiona rafu ya mwingine ataanza kuihisi ya kwake.

Kumtoa au kumwacha, siwezi kukuamulia, lakini nakupa ninavyolipima. Hatari ya kugongana ipo na haina maana kuificha. Chama cha hoki cha Kanada chenyewe kiliondoa kugongana kwa watoto wa miaka 11 na 12 mwaka 2013, kwa sababu utafiti wa muda mrefu ulionyesha mitikisiko mingi zaidi mahali kulipokuwa na kugongana. Wakati huohuo mtoto anayeingia miaka 14 bila kufundishwa kupokea mgongano yuko hatarini zaidi kuliko aliyefundishwa. Namna ya kukaa karibu na ukuta badala ya hatua moja kutoka ukutani, kuinua kichwa, kutompa mtu mgongo: hayo yanafundishika, na klabu nzuri hutenga muda wa kuyafundisha kabla ya mechi ya kwanza. Kama klabu yenu haifanyi hivyo, hilo lingenifanya nimwondoe hapo haraka kuliko mechi yoyote ya Florida.

Na kuna njia ya katikati ambayo wazazi wengi wageni hawaambiwi. Ligi za burudani za mtaani haziruhusu kugongana kabisa, katika umri wowote wa vijana. Mchezo uleule, barafu ileile, ada nafuu zaidi, na safari za alfajiri zinapungua. Kijana atanung'unika kwamba si ligi ya ushindani. Kama amepata mtikisiko, msimu mmoja huko si adhabu, ni muda wa ubongo kupona akiwa bado na gongo mkononi. Akipata mtikisiko wa pili, usiamue peke yako wala usinitegemee mimi: omba rufaa kwa daktari wa michezo au kliniki ya mitikisiko, na uende na orodha ya tarehe na dalili.

Ukiamua abaki, nenda kwa kocha mapema wiki hii, si dakika ya mwisho mlangoni mwa chumba cha kubadilishia. Muulize nani anasimamia usalama wa wachezaji kwenye benchi na kama ana mafunzo. Muulize ni nani aliyemruhusu mwanao kucheza wikendi baada ya kugongwa, na sikiliza jibu kwa makini, kwa sababu kama kocha hakujua kijana anaumwa kichwa, basi kijana alificha, na hayo ni mazungumzo mengine ya nyumbani. Muulize anafanya nini mchezaji wake mwenyewe akigonga kichwa na refa asione. Kocha ninayemwamini hujibu bila kusita kwamba anamkalisha benchi.

Na siku ambayo refa wa kijana wako atapitwa na rafu, maana atapitwa, mwambie mumeo asimfuate kwenye maegesho. Marefa wa ngazi hiyo wengi wao ni watoto wa sekondari. Klabu nyingi zina kanuni ya saa 24: unalala kwanza, kesho yake unaandika kwa msimamizi wa timu, dakika ya mchezo, namba za jezi, kilichotokea, na video kama unayo. Barua za namna hiyo zinasomwa. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza nikizisoma, na zimewahi kumfungia mchezaji ambaye hakuna refa aliyemwona.